Kwa nini Mhispania huishi miaka mingi kuliko Mjerumani, na Mjerumani kuliko Mbulgaria?

Swali limetoka kwa muuguzi wa kike wa Kisumu: "Nasoma Kijerumani nikijiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani. Mwalimu wetu alituonyesha ramani ya Ulaya yenye umri wa kuishi wa kila nchi. Nilishangaa kuona Uhispania iko juu ya Ujerumani ambayo ni tajiri zaidi, na Bulgaria iko chini kabisa ingawa nayo ni ya Umoja wa Ulaya. Ni chakula, ni damu, au ni hospitali? Na sisi tunaokwenda kuishi huko, afya yetu itafuata ya nani?"

Dada, umeuliza maswali mawili, na hilo la kwanza limenishughulisha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Univumilie nikirefusha.

Kwanza ukubwa wa tofauti yenyewe. Kwa takwimu za 2023, mtoto anayezaliwa Uhispania anatarajiwa kuishi miaka 84 hivi. Italia inafuata kwa karibu, Ujerumani iko kwenye 81, na Bulgaria na Latvia zimebaki kwenye 76. Sasa tenganisha wanaume na wanawake uone jambo. Uholanzi mwanamke humpita mwanamume kwa miaka 3 hivi, lakini Latvia humpita kwa takriban miaka 10. Mwanamke wa Latvia na kaka yake wana damu moja, wamezaliwa nchi moja, wamelelewa nyumba moja, na hospitali wanayokimbilia ni ile ile. Maumbile peke yake hayawezi kueleza pengo la miaka 10 wakati kwa Waholanzi ni 3. Sehemu kubwa ya linalobaki ni pombe, sigara, ajali, na tabia ya wanaume kwenda kwa daktari wakiwa wameshachelewa. Ndiyo maana swali lako la damu nalifunga mapema.

Tahadhari moja ya kitaalamu kabla sijaendelea, kwa kuwa wewe ni muuguzi na utakutana na takwimu hizi kazini. Usilinganishe nchi kwa kuhesabu vifo tu. Italia hufa watu kama 11 kwa kila 1,000 kwa mwaka, na Kenya ni wachache kuliko hao. Hiyo haina maana kwamba Kenya ina afya kuliko Italia; Italia imejaa wazee na Kenya imejaa vijana. Ndiyo sababu tunatumia umri wa kuishi, au viwango vya vifo vilivyosawazishwa kwa umri. Na hata vipimo vya afya vinavyotokana na kuwauliza watu wenyewe vina mitego yake. Umoja wa Ulaya huhesabu pia miaka ya kuishi bila ulemavu, na humo Bulgaria huonekana juu ya Denmark na Finland, kwa sababu kipimo kinategemea mtu anavyojibu akiulizwa kama afya inamzuia kufanya shughuli zake. Mzee wa kijijini Bulgaria anayeumwa magoti husema yuko sawa tu. Mwenzake wa Copenhagen hueleza kila kiungo kinachomsumbua.

Sasa turudi kwenye ramani ya mwalimu wako. Mstari mkubwa kuliko yote unakata kati ya mashariki na magharibi, na haukuwepo tangu zamani. Miaka ya 1960 pande hizo mbili hazikuwa mbali. Serikali za kikomunisti zilikuwa zimeifanya vizuri sana kazi ya kwanza ya afya ya jamii: chanjo, maji safi, wakunga, vita dhidi ya kifua kikuu. Kazi hiyo inawezekana kwa amri. Kisha wauaji wakabadilika, ukaja moyo, kiharusi na saratani, na hawa hawasikii amri ya wizara. Wanataka mtu mmoja mmoja apimwe presha wakati hasikii maumivu yoyote, ameze kidonge kila siku kwa miaka thelathini, apunguze chumvi, aache sigara. Wanataka pia dawa mpya na vifaa vipya, ambavyo Mashariki ilibidi vinunuliwe kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba. Magharibi vifo vya moyo vilianza kushuka miaka ya 1970. Mashariki vilisimama au vikapanda, na kwa miaka ishirini pengo likawa linaongezeka kimyakimya.

Kilichotokea baada ya serikali hizo za kikomunisti kuanza kuanguka mwaka 1989 kinanivutia hadi leo. Poland vifo vya moyo vilianza kuporomoka kuanzia 1991, kwa kasi ambayo hospitali haziwezi kuieleza, maana hazikuwa zimebadilika kiasi hicho. Watafiti walielekeza macho jikoni. Ruzuku za nyama na siagi zilikuwa zimeondolewa, watu wakahamia mafuta ya mimea, na matunda kutoka nje yakaanza kupatikana sokoni hata majira ya baridi. Ujerumani nayo ilitupa kipimo ambacho hakuna mtafiti angeweza kukipanga: watu wa taifa moja waliotenganishwa kwa miaka arobaini kisha wakaunganishwa mwaka 1990. Wanawake wa Mashariki walikuwa nyuma ya wa Magharibi kwa karibu miaka mitatu. Ndani ya miaka ishirini hivi walikuwa wamewafikia karibu kabisa. Wanaume wa Mashariki wamesogea, lakini bado hawajafika.

Upande wa Urusi hali ilikwenda kinyume. Mwaka 1985 Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, alianzisha kampeni kali dhidi ya pombe: bei ikapandishwa, saa za kuuza zikapunguzwa, maduka yakafungwa. Umri wa kuishi wa wanaume ulipanda kutoka karibu 62 mwaka 1984 hadi karibu 65 mwaka 1987. Watu waliichukia kampeni hiyo, ikaachwa. Kisha dola lenyewe likaanguka, kazi zikapotea, vodka ikashuka bei ukilinganisha na chakula, na mwaka 1994 umri wa kuishi wa mwanamume wa Urusi ulikuwa chini ya miaka 58. Watafiti waliofuatilia vifo vya wanaume wa rika la kufanya kazi katika mji wa Izhevsk walikuta wengine hawanywi hata vodka. Walikuwa wakinywa vimiminika vilivyouzwa kama manukato au dawa za kupaka, vyenye spiriti kali mno na bei ndogo. Takriban vifo 4 kati ya 10 vya wanaume hao vilihusishwa na unywaji wa namna hiyo na ulevi wa kupindukia. Ninapomsikia mtu anasema Warusi wameumbwa hivyo, humkumbusha namba za 1987. Watu walewale, baridi ileile, na vifo vilipungua ndani ya miaka miwili. Estonia, iliyokuwa kwenye mkumbo uleule na umri wa kuishi wa karibu miaka 67 mwaka 1994, leo inakaribia 79.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni Finland, na ningefurahi kila muuguzi wa Afrika Mashariki angeufahamu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanaume wa Finland walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo kuliko karibu wanaume wote duniani waliokuwa na takwimu. Utafiti mkubwa ulioanzishwa na Mmarekani Ancel Keys mwaka 1958, uliofuatilia wanaume katika nchi saba, ulikuta mashariki ya Finland iko juu kabisa na kisiwa cha Krete cha Ugiriki kiko chini kabisa. Waliokuwa wakifa ni wakata miti na wakulima wadogo, watu wembamba, wenye nguvu, wanaofanya kazi nje tangu alfajiri. Kwa macho yetu wangeonekana kuwa na afya ya chuma. Lakini angalia mezani pao: mkate uliopakwa siagi nene, maziwa yenye mafuta yake yote, nyama ya nguruwe yenye mafuta, chumvi nyingi kwa kuwa vyakula vilihifadhiwa kwa chumvi, mboga karibu hakuna. Baada ya hapo sigara.

Mwaka 1971 viongozi na wananchi wa mkoa wa Karelia Kaskazini walipeleka maombi serikalini wakitaka wasaidiwe. Mwaka uliofuata mradi ukaanza, ukiongozwa na daktari kijana, Pekka Puska, ambaye hakuwa amefikisha miaka thelathini. Puska na wenzake hawakujenga hospitali ya moyo. Walikwenda kwa akina mama wa chama cha wanawake wa nyumbani kiitwacho Martha, wakapika pamoja. Mchuzi wa asili ukapunguziwa nyama ya mafuta ukaongezwa viazi na karoti. Walizungumza na viwanda vya soseji na vya maziwa kuhusu mafuta na chumvi. Waliwatumia watu wanaoheshimika kijijini kuwaeleza majirani zao. Wauguzi wa vituo vya afya, dada, ndio waliozunguka na vipimo vya presha. Na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walipolalamika kwamba biashara yao inauawa, baadhi yao walisaidiwa kuingia katika kilimo cha beri, matunda madogo yanayostawi kwenye baridi ile. Baada ya miaka mitano kazi ikapanuliwa nchi nzima. Kufikia miaka ya 2010, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanaume wa rika la kufanya kazi mkoani humo vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Dawa zilichangia, na upasuaji pia, hasa katika miaka ya karibuni. Lakini sehemu kubwa ya mshuko ule, hasa wa miongo ya mwanzo, ilitokana na mambo matatu tu: lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) kushuka, presha kushuka, sigara kupungua.

Sigara inastahili maelezo yake peke yake, kwa sababu inaharibu mantiki ya kawaida ya tajiri na maskini. Denmark ni nchi tajiri, yenye huduma za afya bila malipo na usawa mkubwa wa kipato. Hata hivyo, kati ya katikati ya miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1990, umri wa kuishi wa wanawake wake karibu haukusogea, wakati majirani zao wa Uswidi na Norway wakizidi kupanda. Watafiti walipochambua vifo kwa mwaka wa kuzaliwa, waligundua mzigo wote umekaliwa na kizazi kimoja: wanawake waliozaliwa kati ya vita kuu mbili za dunia. Hao walianza kuvuta sigara mapema na kwa wingi kuliko wanawake wengi wa Ulaya. Sigara hulipwa baada ya miaka thelathini au arobaini. Kizazi kile kilipopita, Denmark ikaanza kupanda tena.

Hapo ndipo utaielewa Uhispania. Watu hupenda kutaja mafuta ya zeituni, samaki, dengu na mboga, na ni kweli yamo. Vifo vya mishipa ya moyo huko viko chini. Ipo pia sheria ya afya ya 1986 iliyojenga huduma kwa wote kupitia vituo vya afya vya mitaani, na mkoa wa Madrid leo una umri wa kuishi wa zaidi ya miaka 85. Lakini wanawake wa Uhispania walianza kuvuta sigara kwa wingi miaka ya 1970 na kuendelea, wakichelewa sana kuliko wa kaskazini. Wazee wa kike wanaoipandisha Uhispania leo ni kizazi ambacho karibu hakikuvuta. Mabinti zao walivuta, na saratani ya mapafu kwa wanawake huko imekuwa ikipanda. Sitashangaa nafasi ya Uhispania ikitikisika katika miaka ijayo.

Na Ujerumani unakokwenda? Inatumia kama asilimia 12 ya pato lake la taifa kwa afya, miongoni mwa viwango vya juu kabisa katika Ulaya, na vitanda vyake vya hospitali ni vingi mno. Uhispania inatumia asilimia 10 hivi ya pato dogo zaidi. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2023 na watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Rostock na wenzao ulionyesha kwamba Ujerumani iko nyuma ya wastani wa Ulaya Magharibi kwa takriban mwaka mmoja na miezi minane, na kinachoirudisha nyuma zaidi ni magonjwa ya moyo na mishipa. Ukishapata shambulio la moyo, Ujerumani ni mahali pazuri pa kutibiwa. Tatizo liko kabla ya hapo. Ni nchi iliyokawia kuliko zote za Umoja wa Ulaya kupiga marufuku mabango ya sigara barabarani, hadi 2022, na sheria yake inamruhusu kijana wa miaka 14 kunywa bia mgahawani akiwa na mzazi wake. Fedha nyingi huingia katika kutibu na kidogo katika kuzuia, na kwa maoni yangu hilo linaeleza mengi kuliko chakula.

Hospitali lakini zina uzito mahali pengine. Bulgaria mgonjwa hujilipia mfukoni karibu theluthi moja ya gharama zote za afya; Ufaransa ni chini ya sehemu moja ya kumi. Mwenye presha ya Bulgaria anaweza kugawa vidonge vifike mwisho wa mwezi, na kiharusi hakisubiri mshahara. Romania ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, maelfu ya madaktari wake waliondoka kwenda Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, wakaacha vijiji bila mtu. Tunapozungumzia vifo ambavyo tiba ya wakati ingevizuia, Romania, Bulgaria na Latvia ziko juu kwa mara kadhaa kuliko Uholanzi au Ufaransa. Korona ilipokuja, udhaifu huo ulifunuliwa wote: Bulgaria, ambako ni kama theluthi moja tu ya watu waliokubali chanjo, ilishuka kutoka miaka 75 mwaka 2019 hadi takriban 71 mwaka 2021. Nililia moyoni kuona namba ile, kwa sababu chanjo zilikuwepo ghalani. Watu hawakuiamini serikali iliyozileta.

Kuna jambo dogo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu. Ungedhani baridi inaua zaidi Finland kuliko Ureno. Uchunguzi wa nchi 14 za Ulaya, wa miaka ya 1988 hadi 1997, ulikuta kinyume: vifo vya majira ya baridi viliongezeka kwa asilimia 28 Ureno na asilimia 10 tu Finland. Mfini anaishi katika nyumba yenye kuta nene, madirisha ya vioo viwili au vitatu, na joto chumba kizima. Mzee wa Ureno huketi ndani na koti, ukuta umeloa unyevu, kwa sababu nyumba ilijengwa ikisubiri jua.

Wastani wa nchi pia huficha mengi. Katika mtaa wa Calton mjini Glasgow, Uskoti, umri wa kuishi wa wanaume mwanzoni mwa karne hii ulihesabiwa kuwa miaka 54. Katika mji wa Lenzie, mwendo mfupi wa treni kutoka hapo, ulikuwa 82. Ufaransa, takwimu zao zilizotolewa 2018 zilionyesha wanaume walio katika asilimia 5 ya wenye kipato cha juu wakiishi miaka 13 zaidi ya walio katika asilimia 5 ya chini. Uskoti angalau imejaribu kitu: tangu Mei 2018 imeweka bei ya chini kabisa ya pombe, na tathmini yao ya 2023 ilikadiria kwamba vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilipungua kwa asilimia 13 kuliko ambavyo vingekuwa bila sheria hiyo.

Sasa swali lako la pili. Wahamiaji wengi hufika Ulaya wakiwa na afya kuliko wenyeji, maana anayesafiri kutafuta kazi mara nyingi ni kijana mzima. Faida hiyo hupungua kadiri anavyokaa. Utafiti wa Waghana uliochapishwa 2016, uliowapima vijijini na mijini kwao na vilevile Amsterdam, Berlin na London, uliwakuta wanaume wanene kupita kiasi wakiwa 1 hivi kati ya 100 vijijini Ghana, na 1 kati ya 5 London. Kabila moja, kizazi kimoja. Kisukari nacho kilikuwa juu zaidi kwa waliohamia. Kwa hiyo afya yako haitafuata ya Mjerumani wala haitabaki ya Kisumu. Itafuata zamu zako za usiku, mkate na soseji za kantini, miezi ya kukaa ndani, na kama utaendelea kupika sukuma wiki na samaki au utaacha kwa uchovu.

Mambo mawili ya kufanya mapema. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Ujerumani ni dhaifu mno kwa ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Muulize daktari kama unahitaji kupimwa au kutumia vidonge. La pili, usingoje kuugua ndipo utafute daktari wa familia, huyo wanayemwita Hausarzt. Jisajili kwake wiki za mwanzo, mwambie historia ya presha na kisukari katika ukoo wenu. Bima ya umma hulipia uchunguzi wa jumla wa afya mara moja kati ya miaka 18 na 34, na kila baada ya miaka mitatu ukishafika 35. Wauguzi wengi wanaotoka kwetu hawaujui, na hawataambiwa wasipouliza.